Kichupa Kinaishi Wapi? Mjadala wa Tukuyu

Kichupa cha muziki kinapoitwa cha kukumbukwa, nani anayekikumbuka, na anakikumbuka kwa kiungo gani? Wengi tutajibu haraka kwamba ni kwa macho, maana video ni kitu cha kutazamwa. Makala hii ina jibu jingine. Kichupa hudumu pale watu wasiokuwamo ndani yake wanapokichukua na kukicheza kwenye shughuli zao wenyewe, harusini, kwenye kipaimara, kwenye sendofu, hata wanapompokea mgeni wa serikali. Kisipochukuliwa hivyo hufa, hata kama kilitazamwa na nusu ya dunia. Ili hoja isielee hewani nimeipeleka mahali pa kuipimia, nako ni Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, mji wa mvua, migomba na chai, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Mbeya. Si mji wa studio kubwa wala wa madairekta maarufu. Vichupa vinafika pale vikiwa vimekwisha kupikwa Dar es Salaam, Lagos au Johannesburg, ama vinavuka mpaka wa Kasumulu kutoka Malawi. Ndiyo maana mji unafaa kwa kipimo hiki: hakuna anayekipendelea kichupa kwa sababu shemeji yake ndiye aliyekishuti.

Mjadala wa mtu mmoja ni hotuba, kwa hiyo nimewaita wazungumzaji watatu wa kubuni, ingawa wanayoyasema ni mambo ambayo watu huyasema kweli. Kuna Kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi karibu na stendi. Kuna Mzee, Mmoraviani aliyezeeka na matarumbeta ya kanisa. Na kuna Mama, ambaye kamati ya harusi haikai bila yeye. Kijana hakusubiri kukaribishwa.

KIJANA: Shikamoo, mwandishi. Mimi nitaongea kwa namba. Gangnam Style ilitoka Julai 2012, na kabla mwaka haujaisha ikawa video ya kwanza ya YouTube kutazamwa mara bilioni moja. Tetema ya Rayvanny na Diamond ilitoka 2019, ikavuka bahari, na mwaka 2021 Maluma wa Kolombia akaingia kwenye toleo jipya, wakaipiga pamoja jukwaani kwenye tuzo za MTV Ulaya, Budapest. Na huyo Rayvanny ni nani? Raymond Shaban Mwakyusa, kijana wa Mbeya. Ukilitaja jina la Mwakyusa hapa Tukuyu huna haja ya kueleza zaidi. Sasa leo unatuambia namba si kitu?

Marahaba. Namba ni kitu, ila tuulize zinahesabu nini. Zinahesabu vidole vilivyobonyeza. Hazihesabu aliyetazama akasahau, wala hazimtofautishi mtoto aliyerudia kichupa kimoja mara ishirini na watu ishirini waliokutana nacho mara moja. Halafu mfano wako unanisaidia mimi kuliko wewe. Gangnam Style iliimbwa kwa Kikorea, lugha ambayo watazamaji walio wengi hawakuielewa hata neno. Walichokichukua ni ule mchezo wa kujifanya umepanda farasi, mikono imekutana mbele, miguu inarukaruka. Ulikuwa mchezo ambao hata bwana harusi mnene aliuweza. Kila mwenye sherehe mwaka ule aliucheza. Sherehe zilipohamia kwenye mambo mengine, kichupa kikabaki na hesabu yake, na hesabu hiyo bado inapanda hadi leo, lakini mtu akiucheza siku hizi anachekesha watu kwa kuwakumbusha zamani. Thriller ya Michael Jackson ni kesi ya kinyume. Ilitoka 1983, karibu dakika kumi na nne, ikiongozwa na John Landis, na mwaka 2009 ikawa video ya kwanza ya muziki kuingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani. Orodha ile ni heshima ya makabati. Ushahidi wa uhai ulikuwa umetangulia miaka miwili nyuma, pale mamia ya wafungwa wa gereza la Cebu, Ufilipino, walipojipanga uwanjani na sare zao za rangi ya chungwa na kuicheza hatua kwa hatua. Kichupa kilikuwa kimefika mahali ambako dairekta wake hakukusudia, na kilifika kwa miguu.

Jerusalema ndiyo kesi iliyo wazi kuliko zote. Wimbo ni wa Master KG na Nomcebo wa Afrika Kusini, nao ulikuwa na video yake rasmi. Lakini kilichouzungusha duniani mwaka 2020 ni video nyingine kabisa, ya kundi la wachezaji wa Luanda, Fenómenos do Semba, wakicheza mstari mmoja huku wameshika sahani za chakula mkononi. Hakuna gari la kifahari wala jumba. Kuna watu, chakula, na hatua chache zinazorudiwa mpaka asiyejua anajua. Wauguzi waliicheza, watawa waliicheza, na Septemba ya mwaka ule Rais Ramaphosa akawahimiza wananchi wake waicheze katika Siku ya Urithi. Ukiuliza kichupa cha Jerusalema ni kipi, jibu la kisheria ni moja na jibu la watu ni jingine.

MZEE: Subiri, mwanangu. Mnazungumza kana kwamba kila kinachochezwa ni utamaduni. Serikali yenyewe ilipiga marufuku Chura ya Snura mwaka 2016 kwa sababu ya ile video. Mwaka 2018 Baraza la Sanaa, BASATA, wakaufungia wimbo wa Mwanza wa huyo huyo kijana wetu Rayvanny. Hata Wakenya, mwaka 2019, bodi yao ya filamu ilisema Tetema ibaki kwenye kumbi za watu wazima. Wale walioamua hayo si wajinga. Wewe unachokiita kudumu, mimi naita doa lisilofutika.

Mzee ana haki ya kuhukumu, na sitamnyang'anya. Ninachobishana nacho ni kitu kimoja tu: je, marufuku inaweza kumfikia mchezaji? Mei 2016, Nape Nnauye akiwa waziri wa habari, serikali ilizuia video ya Chura isionyeshwe, na Snura akazuiwa kupanda jukwaani hadi asajiliwe BASATA. Televisheni zilitii. Lakini mtindo ulikuwa umekwisha kutoka kwenye skrini na kuingia viunoni mwa watu, na kiuno hakina leseni ya kufutwa. Mwisho wa mkasa huo ni wa ajabu kuliko mwanzo. Mwaka 2024 Snura mwenyewe alitangaza kuacha muziki kwa sababu za imani, akaomba nyimbo zake zisipigwe tena. Sasa aliyekuwa anataka kukifungia kichupa si waziri tena, ni mwenye kichupa, na yeye pia amekuta hakiko mikononi mwake. Ukitaka kuthibitisha kwamba video imekuwa sehemu ya utamaduni, usiangalie wanaoishangilia. Angalia kama aliyeitengeneza anaweza kuirudisha stoo.

Lakini hoja ya Mzee ina tabaka la pili, nalo ndilo lililonivuta Rungwe hasa. Anasema kwamba watu walikuwa na utamaduni kabla ya video. Ni kweli, na tukiutazama utamaduni huo kwa makini tutaona kwamba kazi ambayo leo tunaipa kamera ilikuwa ikifanywa bila kamera. Katika miaka ya 1930 Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi na Wanyakyusa wakiandika habari za maisha yao. Godfrey alichapisha mwaka 1939 maelezo ya mazishi ya Kinyakyusa, na sehemu kubwa yake ni ngoma. Vijana walicheza msibani mchezo ulioitwa ukukina, wakiwa na mikuki na njuga, ngoma zikipigwa kwa muda mrefu, na kilichoanza kama uchungu na ukali wa vita kiligeuka kidogo kidogo kuwa uchangamfu. Ulikuwa mkusanyiko mkubwa kuliko mingine. Watu walitoka vijiji vya mbali, walitazama nani anacheza vizuri, wasichana waliwaona wavulana, na kila aliyerudi kwao alirudi na mtindo alioupata pale. Monica, katika kitabu chake Good Company cha 1951, anaeleza vijiji vya marika, ambako wavulana wa rika moja walijenga na kuishi pamoja. Weka habari hizo mbili sambamba uone: uwanja mkubwa wa kuonyeshana, na kijiji cha vijana wa umri mmoja wa kurudi kujifunzia walichokiona. Mimi sioni tofauti kubwa ya utendaji kati ya hapo na kundi la vijana wanaotazama simu moja nyuma ya soko, kisha jioni wanarudia hatua zile zile hadi zikae.

Mfano wa pili unatoka jirani tu, kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Rungwe, na upande wa Karonga ng'ambo ya mpaka. Ngoma iitwayo mganda, au malipenga kwa Wamalawi, ilizaliwa kwa kuiga gwaride na bendi za kijeshi za zama za Vita Kuu ya Kwanza. Watu waliwaona askari wakipiga hatua kwa pamoja na sare zilizonyooka, wakaiweka picha ile kichwani na kuigeuza mchezo: vyeo, kaptura nyeupe, mistari iliyonyooka, sauti za vibuyu mahali pa tarumbeta. Terence Ranger aliiandikia historia ya ngoma za beni na jamaa zake kitabu kizima mwaka 1975. Askari waliopiga gwaride hawakujua kwamba wanatengeneza kitu cha kukumbukwa, na gwaride lao lenyewe hakuna anayelikumbuka. Karne imepita, mganda upo. Gwaride lile lilikuwa kichupa cha wakati wake, na lilidumu ndani ya mganda kwa sababu lilipata watu wa kulibeba na siku za kulichezea.

MZEE: Hapo umenigusa, ila umeruka jambo. Sisi Wakristo wa hapa ukukina tuliiacha. Wazee wetu walipobatizwa waliambiwa wachague.

Ni kweli, na jambo hilo halifai kurukwa. Wamisionari wa Kimoraviani waliweka kituo chao Rungwe mwaka 1891, na kwao ngoma ya msibani ilikuwa upagani. Mkristo aliimba tenzi, alisimama wima. Mahali pa njuga pakachukuliwa na matarumbeta, kwa sababu Wamoraviani wa Ujerumani walikuwa na jadi yao ya bendi za shaba. Kwa vizazi kadhaa mwili wa Mkristo ukafundishwa kutulia. Ndiyo maana kwa maoni yangu tukio kubwa zaidi la video katika nyanda hizi halina jina la msanii wa Bongo Fleva. Ni video ya kwaya. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973. Televisheni ya taifa ilikuja 2000. Kaseti za VHS, kisha VCD na DVD, zilifika mahali ambapo mawimbi ya televisheni yalisuasua. Ndani yake walikuwamo waimbaji wa sare moja, nyuma yao maua au maporomoko ya maji, na walikuwa wanacheza: hatua mbili kulia, mbili kushoto, mikono inapanda na kushuka kwa pamoja. Kilichokuwa dhambi kwenye ua wa msiba kikarudi mbele ya madhabahu kikiwa kimevaa sare ya kitenge. Mchungaji angeweza kumkemea kijana mmoja aliyetikisa mabega, lakini angewezaje kumkemea muumini anayeigiza kwaya ya kanisa dada, iliyouzwa mlangoni mwa kanisa baada ya ibada? Video ilifanya kazi ambayo hoja za kiteolojia zilikuwa bado zinajikongoja nayo.

Na ukumbi mkuu wa video hizo haukuwa sebuleni. Ulikuwa barabarani. Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Kyela hukaa siku nzima mbele ya skrini moja, na kondakta anajua kwamba nyimbo za Injili ndizo zisizoleta ugomvi kati ya bibi kizee wa siti ya mbele na wanachuo wa siti ya nyuma. Diski ilikuwa ikiisha, inaanza upya. Bonny Mwaitege na wenzake wengi wenye majina ya kusini walifahamika kwa sura katika mabasi hayo kabla mtu hajaamua kuwatafuta. Hakuna aliyehesabu watazamaji wale. Kijana, mimi nakupa mtihani: ziweke video hizo kwenye jedwali lako la namba.

KIJANA: Siwezi, nakubali. Lakini hata wewe huwezi kuthibitisha kwamba waliteremka nazo.

Sawa, hilo ni pigo la haki. Kuonyeshwa ndani ya basi si kubebwa. Ushahidi wa kubebwa lazima utoke kwenye shughuli, na anayezijua shughuli hajasema neno tangu tuanze.

MAMA: Mlikuwa mnazungumza wanaume kwa wanaume, nikasema ngoja wamalize pumzi. Mimi nina mawili. Kwanza, nyie mnasema "watu hubeba", "watu hucheza". Watu gani? Kichupa hakijifundishi chenyewe. Wiki tatu kabla ya harusi, wasindikizaji wanakutana jioni, wanawekewa video, msichana mmoja mwenye kichwa chepesi anawahesabia hatua, na wengine tunapika chai ya kuwasubiri. Mkiandika kumbukumbu, muandike na nani alichoka. Pili, mwandishi, unasema kichupa kinachochezwa kinadumu. Mbona MC anabadilisha orodha kila mwaka? Kile cha mwaka juzi ukikitia leo wageni wanakwenda kula.

Nashukuru, Mama, ndaga fijo. La kwanza nalichukua lote, maana linaiimarisha hoja kuliko nilivyoweza mwenyewe: kudumu kwa kichupa ni kazi, ina saa zake na gharama zake, na kwa sehemu kubwa inafanywa na wanawake na wasichana ambao majina yao hayaonekani mwisho wa video yoyote. La pili linahitaji jibu la taratibu. Orodha ya MC inabadilika, kweli. Lakini tutofautishe wimbo unaopigwa na mchezo unaokaa. Ngololo ya Diamond ya mwaka 2013 haitawali ukumbi leo, kama zisivyotawala kiduku na mitindo mingine iliyopita na misimu yake. Hata hivyo watu wanaoingia ukumbini leo kwa mistari miwili, wakisimama, wakiinama, wakisubiri bwana na bibi harusi wapite katikati, hawakuurithi utaratibu huo kwa mababu. Umejengwa na vichupa, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kimeacha tofali lake. Wimbo wa mwaka juzi umekwenda. Desturi ya kwamba harusi lazima iwe na mchezo uliofanyiwa mazoezi imebaki.

Kisha kuna vichupa ambavyo havikuacha tofali tu, viliacha nyumba. Mwaka 2001 Saida Karoli wa Bukoba alitoka na Maria Salome, wimbo ambao watu wengi waliubatiza Chambua Kama Karanga. Aliimba zaidi kwa Kihaya. Kutoka Bukoba hadi Tukuyu ni kukatiza nchi karibu yote kutoka kaskazini magharibi hadi kusini, na Kihaya si Kinyakyusa. Lakini wimbo uliingia kila mahali, na video ilisaidia sana, kwa kuwa ilimwonyesha mwanamke wa kijijini akicheza ngoma ya kwao bila kuomba radhi kwa mtu wa mjini. Miaka 15 baadaye, mwaka 2016, Diamond akaurudia kwa jina la Salome. Na aliyeshirikishwa humo ni nani? Rayvanny. Mwakyusa akiimba juu ya msingi wa wimbo wa Kihaya, kwenye kichupa cha lebo ya Dar es Salaam kilichojaa mapambo ya kiasili. Mwaka uliofuata Saida mwenyewe akarudi hewani na Orugambo. Hapo kichupa kipya hakikuua cha zamani, kilikifufua. Watoto waliozaliwa baada ya 2001 walimuuliza mama yao huyu Salome katoka wapi, na mama aliinuka jikoni akaonyesha, kwa mabega, bila kufungua simu. Naweka dau langu kwenye mabega hayo. Kama kichupa cha Saida kingeishi kwa kutazamwa tu, kisingefika 2016, maana kilipotoka hapakuwa na YouTube ya kukihifadhi na mikanda ya wakati ule ilikuwa inaliwa na vumbi.

MAMA: Vizuri. Lakini sasa umejichimbia shimo. Wahaya wana Saida. Sisi tuna nini? Tumecheza za Bukoba, za Luanda, za Lagos. Sisi wenyewe tumeonekana wapi?

Nilijua swali hili litakuja, na katika yote yaliyosemwa hapa ndilo linaloipinda hoja yangu. Kuna mwanamuziki mmoja, AY, ambaye jina lake kamili ni Ambwene Yessayah. Ambwene ni jina la Kinyakyusa, maana yake "ameniona". Linamhusu Mungu, bila shaka, lakini kwa mjadala huu linauma kidogo. Watu wenye majina ya huku wamo katika historia ya vichupa vya Tanzania tangu mapema, na Mbeya ilikuwa na Sugu, Mr II, mmoja wa waasisi wa rapu ya Kiswahili, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Majina yameonekana. Mahali hapajaonekana. Katikati ya miaka ya 2010 wasanii wakubwa wa Tanzania walipanda ndege kwenda Afrika Kusini kushuti, wakiamini kwamba ubora wa picha unapatikana huko. Rungwe yenye Ziwa Ngosi ndani ya kreta, maporomoko ya Kaporogwe, na Daraja la Mungu ambapo Mto Kiwira unapita chini ya mwamba, ilibaki mandhari ya kalenda. Na hata siku kamera zinapofika kwenye maporomoko, mara nyingi yanatumika kama pazia: yanasimama nyuma ya mwimbaji, hayasemi chochote ambacho pazia la kuchora lisingesema.

Hapa napunguza dai langu. Nilisema kichupa hudumu kwa kuchezwa. Mama amenionyesha kwamba kuchezwa kunaweza kuwa njia ya upande mmoja: mji unaweza kuwa hodari wa kubeba vya wengine na usibebwe na yeyote. Ni utamaduni, ndiyo, lakini wa mpokeaji. Ninachokataa ni tiba ambayo hupendekezwa haraka, kwamba tuwalete madairekta wenye droni wakapige picha za milima. Droni ingetupa kalenda inayotembea. Saida hakudumu kwa sababu ya sura ya Bukoba. Alidumu kwa sababu ya mwendo wa Bukoba, na mwendo ni kitu ambacho mtu wa Mtwara anaweza kukivaa. Kwa hiyo swali la Mama linageuka: ni mwendo gani wa Rungwe ambao mgeni angeweza kuuvaa? Ukukina ulikuwa mwendo huo, nao uliwekwa kando kwa sababu nilizozitaja. Kwaya zilibakiza sehemu yake bila kukiri. Kama siku moja kitatoka kichupa cha huku cha kukumbukwa, nadhani kitatoka kwa wanakwaya walioacha kuona haya kuhusu zile njuga. Mzee anatikisa kichwa. Aendelee tu kutikisa, ana haki.

Kabla sijamrudishia Kijana zamu, nitoe mfano wa pembeni usio wa muziki. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Bara haikuwa na televisheni. Hakuna marudio ya mabao yale ya kutazama jioni, na bado ukisema Banyambala, jina la utani la timu hiyo, mbele ya watu wa umri fulani, mtu mzima atasimama kwenye kiti akakuonyesha pasi ilivyopigwa. Atakuwa amekosea nusu ya mambo. Lakini mwili wake una kitu ambacho mkanda usingeweza kumpa.

KIJANA: Umesema mwenyewe, mwandishi: amekosea nusu. Hapo ndipo namba na mafaili yangu yanapoingia. Miguu inasahau. Inachanganya. Mimi nina mafaili ya kwaya za zamani ambayo hata waimbaji wenyewe hawana. Hard diski ikifa, au flashi ikiingia maji ya mvua ya Aprili, hakuna mama wa kuonyesha kwa mabega. Nyie mnaopenda mabega mkumbuke na sisi tunaokopi.

Nakubali, na nakubali zaidi ya alivyoomba. Biashara yake inakaa upande mbaya wa sheria ya hakimiliki. Mwaka 2013 TRA ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD ili kazi halali zijulikane, na flashi ya stendi haina stempu. Lakini ikiwa mtu wa miaka hamsini ijayo atataka kujua kwaya za Rungwe zilichezaje mwaka 2005, uwezekano mkubwa ni kwamba atazipata kwenye nakala ya wizi kuliko kwenye kabati la taasisi. Ni aibu, ila si yake peke yake. Bado nashikilia mpangilio wangu: faili huhifadhi hatua, watu ndio huipa sababu ya kuchezwa. Faili bila watu ni kama njuga ukutani. Watu bila faili, kama Kijana alivyosema, hukosea nusu, na wakati mwingine nusu hiyo iliyokosewa ndiyo inayozaa mtindo mpya.

Basi nipendekeze kipimo ambacho kila mmoja wao anaweza kukifanya bila mimi. Harusi iwe imefika kati, mvua inanyesha kama inavyojua kunyesha Tukuyu, wasindikizaji wako katikati ya ukumbi, hatua ya tatu ya mchezo, na umeme ukatike. Skrini inazima, spika zinanyamaza. Kama ni kichupa cha kutazamwa tu, watu watasimama na kuulizana nani ana tochi. Kama kimeingia, mmoja atashika wimbo kwa mdomo, wengine watapiga makofi, na mistari miwili itaendelea gizani mpaka bibi harusi afike kwenye kiti.

MZEE: Hilo nimeliona mara nyingi, ila zilikuwa tenzi.

MAMA: Na aliyeshika wimbo alikuwa mwanamke.

KIJANA: Siku hizi kuna jenereta, mwandishi.